Somo kwa Waimbaji: Sauti Nayo Hufundishwa

Andiko: 1 Nyakati 25:1–8

Wiki hii Mchungaji amenipa nafasi niandike kuhusu uimbaji, na najua wako watakaocheka, maana walionisikia nikianzisha wimbo wa sadaka wanaijua sauti yangu. Mimi nilisomea biashara, si muziki. Lakini nina deni kwa waimbaji wetu, na leo nataka kulipa angalau sehemu.

Tuanze na andiko. Daudi alipopanga huduma ya uimbaji hakusema tu kila anayependa kuimba aje mbele. Alipanga vikosi 24, kila kikosi watu 12, jumla 288, na sura yenyewe inaeleza kwamba hao walikuwa wamefunzwa. Mstari wa 8 ndio ulionishika: katika kupigiwa kura za zamu, walimu na wanafunzi walitendewa sawa. Kumbe kulikuwa na wanafunzi! Mtu aliingia hajui, akafundishwa, akahudumu. Na ukirudi nyuma sura ya 15 utamkuta Kenania, aliyewekwa kusimamia nyimbo kwa sababu alikuwa stadi. Sisi tukimpata mtu mwenye sauti nzuri tunampa kipaza sauti Jumapili hiyo hiyo, halafu mafunzo tunamwachia Roho Mtakatifu.

Sasa deni langu. Kuna dada katika timu yetu ya sifa (nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika haya) ambaye baada ya kesha la mwisho wa mwaka sauti yake ilikwaruza. Wiki ikapita, ya pili ikapita, bado. Wengine wakaanza kunong'ona ati amerushiwa kitu kwa sababu ya wivu. Mimi nikamwekea mikono, nikamwambia, "Dada, imba kwa imani, usimpe adui nafasi." Akatii. Aliimba wiki tano zaidi, akimeza tangawizi na mayai mabichi kila Jumapili asubuhi. Halafu siku moja, katikati ya wimbo, alifungua mdomo na ikatoka hewa tupu. Aliweka kipaza sauti chini polepole, akapitia mlango wa nyuma. Huyu dada ni mwalimu wa chekechea. Sauti ndiyo inayomlipia nyumba.

Daktari wa masikio, pua na koo alimpitishia kamera ndogo puani, akakuta vinundu kwenye nyuzi za sauti. Vinundu hivyo ni kama sugu ya jembe kwenye kiganja: huota pale panaposuguana sana. Mara nyingi havihitaji kisu. Vinahitaji mapumziko na kujifunza upya kutumia sauti, kazi ya miezi. Hata kunong'ona alikatazwa. Nilienda kwao nikamwomba msamaha mbele ya mamake. Alinijibu kwa kuandika kwenye karatasi: "Pasta, kwani na wewe ulifundishwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Ndipo nikaanza kujifunza, na mengi yafuatayo nimeyapata kwa yeye kunipitishia mazoezi aliyopewa.

Ndani ya zoloto, lile sanduku la sauti linalojitokeza shingoni kwa wanaume, kuna mikunjo miwili midogo tunayoiita nyuzi za sauti. Hewa ikipanda kutoka mapafuni, nyuzi hizo hukutana na kuachana kwa kasi. Dada akiimba ile noti ya la ambayo mafundi hupimia vyombo, zinakutana mara 440 kwa sekunde. Piga hesabu: dakika moja tu ni mara 26,400. Sasa ongeza ibada mbili na kesha, na spika zinazotulazimisha kupiga kelele ili tujisikie. Katika biashara tungeita huko kula mtaji.

Mtaji wa mwimbaji ni pumzi. Watu husema "imba kwa tumbo", lakini tumboni hakuna hewa. Kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kikishuka kinasukuma tumbo nje, na mapafu yanapata nafasi ya kujaa. Lala chali, weka Biblia juu ya tumbo, vuta pumzi. Biblia ikipanda na mabega yakatulia, uko sawa. Kisha toa hewa kwa sauti ya "sss" nyembamba, ukihesabu kumi bila kutetereka. Wiki ijayo kumi na tano. Mimi siku ya kwanza niliishia saba, mchungaji mzima! Shida yangu ilikuwa ya mfanyabiashara mchanga: natumia pesa yote Jumatatu, kufikia Jumatano nakopa. Mwimbaji anayemaliza hewa mapema hukopa kwenye koo, na koo hudai na riba.

Kabla ya kuimba, pasha sauti moto. Vuma "mmm" kwa utaratibu. Tetemesha midomo kama mtoto anayeendesha gari la waya, ukipanda na kushuka ngazi za noti. Au vuma kupitia mrija wa soda. Mrija unaonekana mchezo, lakini Ingo Titze, mtafiti wa sauti huko Marekani, ameufundisha kwa miaka mingi: mdomo ukibanwa hivyo, shinikizo la hewa hurudi nyuma na kuzisaidia nyuzi kutetemeka bila kugongana kwa nguvu. Dakika tano zinatosha.

Na yale mayai? Unachomeza hupita njia ya chakula. Hakigusi nyuzi za sauti, kikizigusa utapaliwa. Maji nayo husaidia kwa kuingia mwilini kwanza, kwa hivyo anza kunywa Jumamosi, usingoje dakika ya mwisho. Peremende za kufisha ganzi mimi sizipendi kabisa, zinaficha maumivu na wewe unaendelea kuumia. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, nenda hospitali. Maombi tutakuombea, na ukitaka nitakusindikiza.

Kuhusu ujasiri nitasema machache, kwa sababu mwingi huletwa na hayo hapo juu. Hofu huinua mabega, pumzi inahamia kifuani, koo linabana, sauti inatetemeka, nawe ukiisikia ikitetemeka unaogopa zaidi. Toa hewa yote polepole kabla ya kuvuta nyingine. Mstari wa kwanza wa wimbo uujue hata ukiamshwa usingizini. Imba kwanza kwenye ushirika wa nyumbani mbele ya watu wanane, kabla ya kanisa zima. Jirekodi kwa simu, na usishtuke: sauti yako unapojisikia mwenyewe hupitia pia mifupa ya kichwa na kuonekana nene, ilhali simu inakupa ile tunayosikia sisi. Itakuudhi siku tatu, kisha utaanza kusikia cha kurekebisha. Nami nasisitiza solfa. Aliyeieneza alikuwa mchungaji mwenzetu, John Curwen wa Uingereza, aliyeichukua katika miaka ya 1840 kutoka kwa mwalimu Sarah Glover wa Norwich ili watoto wa shule ya Jumapili waweze kuimba. Kama ilitosha kwa watoto, timu yetu isiseme ni ngumu.

Jambo moja zaidi. Wengi wetu huimba wimbo pale pale alipouimba msanii kwenye redio, hata kama amepita uwezo wetu. Hiyo si unyenyekevu wala si imani. Kinanda kina kitufe cha kushusha.

Dada yetu alikaa nje miezi saba. Jumamosi iliyopita alirudi mazoezini, akasimama safu ya nyuma na wenzake wa alto, chupa ya maji mkononi. Mpiga kinanda alipoanza ule wimbo uliomkatia sauti, kila mtu akaangalia chini. Yeye akainua mkono.

"Shusha mbili," akasema.

Mpiga kinanda akanitazama. Nikamwambia afanye anavyoambiwa na mwalimu.