Pikipiki Inaposita: Jinsi ya Kukagua na Kurekebisha Kihisi cha Akselereta Nyumbani

Mwendeshaji wa boda boda anapoingia barabara kuu hutegemea kwamba akivuta akselereta pikipiki itaitika mara moja. Ikisita hata kwa sekunde moja, abiria akiwa nyuma na lori likija, maisha ya watu wawili yamo hatarini. Kwa pikipiki zinazotumia injekta badala ya kabureta, huenda chanzo kikawa kifaa kidogo kinachoitwa kihisi cha akselereta, au sensa kama mafundi wengi wanavyokiita.

Mara nyingi mtu hukimbilia kununua sensa mpya kabla ya kujua kama ya zamani ni mbovu. Somo hili linaonyesha ukaguzi wa hatua kwa hatua, kuanzia usiogharimu chochote.

Kazi ya kihisi hiki

Ndani ya bomba la kupitishia hewa kuelekea kwenye injini kuna kilango kinachofunguka akselereta inapovutwa. Kihisi kimefungwa ubavuni mwa bomba hilo, kwenye ncha ya mhimili wa kilango. Kazi yake ni kuiambia kompyuta ya pikipiki kilango kimefunguka kiasi gani, ili injekta inyunyize petroli inayolingana na hewa.

Kihisi kikitoa habari za uongo, petroli huwa nyingi au chache kupita kiasi. Pikipiki nyingi za kabureta hazina kihisi cha aina hii. Kwa wenye pikipiki hizo, hatua ya 1 hapa chini ndiyo inayowahusu.

Dalili

- Injini hukatakata au kusita mkono unapofika mahali fulani pale pale kila mara.
- Mngurumo hupanda na kushuka wenyewe pikipiki ikiwa imesimama, au injini huzima mwendeshaji anapoachilia akselereta.
- Petroli huisha haraka kuliko kawaida.
- Taa ya injini kwenye dashibodi huwaka. Katika pikipiki nyingi za Honda zenye injekta, taa hiyo ikimweka mara 8 kwa mfululizo huashiria kihisi hiki.

Dalili hizi, isipokuwa mimweko ya taa, zinaweza pia kuletwa na chujio chafu la hewa, plagi iliyochoka au petroli iliyochanganywa. Vitu hivyo vikaguliwe kwanza.

Vifaa vinavyohitajika

Mita ya umeme ya kupima volti, bisibisi, spana ndogo, pini mbili nyembamba, kalamu ya wino usiofutika na kitambaa safi. Wanachama wa steji moja wanaweza kuchanga na kununua mita moja ya kutumiwa na wote. Kitabu cha pikipiki kiwe karibu, kwa sababu vipimo hutofautiana kati ya modeli na modeli.

Kazi ifanyike mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara. Injini isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa: moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu na inayoua.

Hatua ya 1: Kebo

Zima injini. Vuta akselereta hadi mwisho, kisha uiachilie. Inapaswa kurudi yenyewe kwa kishindo. Rudia usukani ukiwa umekatwa kushoto kabisa, kisha kulia kabisa. Ikirudi polepole au ikikwama, kebo ina kutu, imepinda au imechanika nyuzi. Ibadilishwe kabla ya safari nyingine yoyote.

Kisha pima ulegevu, yaani kiasi ambacho mkono huzunguka kabla kebo haijaanza kuvuta. Kwa pikipiki nyingi ni milimita 2 hadi 6 kwenye ukingo wa mkono. Ulegevu hurekebishwa kwa kulegeza nati ya kufungia na kuzungusha kirekebishi cha kebo. Baada ya hapo washa injini, gia ikiwa huru, na uzungushe usukani pande zote mbili. Mngurumo ukipanda, kebo imekazwa mno.

Hatua ya 2: Soketi na nyaya

Zima swichi, kisha chomoa soketi ya kihisi. Angalia kama kuna maji, vumbi au rangi ya kijani ya kutu kwenye pini. Kuosha pikipiki kwa maji ya presha ni njia mojawapo ya maji kuingia humo. Kausha, safisha, hakikisha hakuna waya uliokatika au kuchubuka, kisha rudisha soketi hadi ilie "ta". Huenda tatizo likaishia hapa bila kununua kitu.

Hatua ya 3: Kupima volti

Hakikisha betri ina angalau volti 12.4 swichi ikiwa imezimwa, kwani betri dhaifu hupotosha vipimo. Weka mita kwenye volti za umeme wa betri (DC), kiwango cha 20. Washa swichi bila kuwasha injini. Waya mweusi wa mita uguse hasi ya betri. Ingiza pini taratibu kwa nyuma ya soketi ikiwa imechomekwa, bila kutoboa waya na bila pini mbili kugusana.

Kihisi cha kawaida kina nyaya tatu:

- Mmoja huonyesha karibu volti 5 wakati wote. Huu ndio umeme kutoka kwenye kompyuta.
- Mwingine huonyesha karibu 0. Huu ni wa hasi.
- Wa tatu hubadilika akselereta inapovutwa. Huu ndio unaopeleka habari.

Pima waya wa tatu. Akselereta ikiwa imefungwa, vihisi vingi huonyesha karibu nusu volti. Ikiwa imefunguliwa yote, volti 4 au zaidi kidogo. Sasa vuta polepole sana huku ukitazama mita. Namba zinapaswa kupanda bila kuruka wala kushuka.

Hatua ya 4: Kusoma matokeo

Kama volti 5 hazipo, usinunue sensa. Mara nyingi kosa huwa kwenye nyaya au kompyuta, na huenda sensa mpya isisaidie.

Kama namba zinaruka au kupotea mahali fulani, kihisi kimechakaa ndani. Kukizungusha hakutakiponya, kibadilishwe.

Kama namba zinapanda vizuri lakini zinaanzia juu au chini ya kipimo kilicho kwenye kitabu, hapo ndipo marekebisho yanafaa.

Hatua ya 5: Kurekebisha

Tazama skrubu zinazoshikilia kihisi. Kama matundu yake ni marefu kama yai, kihisi kinaweza kuzungushwa. Kama ni ya duara kamili, au skrubu zinahitaji bisibisi ya pekee, kiwanda hakikukusudia kiguswe.

Kabla ya kulegeza, chora mstari mmoja unaopita juu ya kihisi na bomba, ili uweze kukirudisha mahali pake mambo yakiharibika. Legeza skrubu kidogo bila kuzitoa. Zungusha kihisi kidogo sana huku ukisoma mita hadi kipimo cha akselereta iliyofungwa kilingane na kitabu. Kaza taratibu, kisha pima tena, maana kukaza huweza kukisogeza.

Jaribu pikipiki bila abiria, mahali tambarare pasipo magari, ukiwa umevaa helmeti. Akselereta ikikwama ukiwa mwendoni, bonyeza klachi na uzime injini kwa swichi nyekundu ya usukani.

Mambo ya kuepuka

- Kuzungusha skrubu ya kilango iliyopakwa rangi kiwandani ili kupandisha mngurumo. Kipimo cha mwanzo hupotea.
- Kupima kwa taa ya majaribio badala ya mita. Huvuta umeme mwingi na inaweza kuharibu kompyuta.
- Kuunganisha nyaya za kihisi moja kwa moja.

Wakati wa kumwona fundi

Ampeleke fundi pikipiki yake yeyote asiyepata volti 5, ambaye taa ya injini haizimi baada ya marekebisho, au ambaye modeli yake huhitaji mashine ya kusoma kompyuta. Amwonyeshe vipimo alivyoviandika. Fundi atajua pa kuanzia, na mwenye pikipiki atajua anacholipia.

Vijana wanaotaka kuendelea na ufundi huu wanaweza kuuliza kuhusu kozi za pikipiki katika chuo cha ufundi cha kaunti kilicho karibu nao. Kwa mwendeshaji wa kila siku, hatua ya 1 ifanywe kila asubuhi kabla ya kuondoka nyumbani. Haihitaji kifaa chochote, na huchukua muda usiozidi dakika moja.