Injini ya Rota Inapofurika Petroli

Injini ya Wankel, ambayo Mazda iliitumia katika gari la RX-8 lililoundwa hadi mwaka 2012, haina pistoni. Rota yenye pembe tatu huzunguka chumbani, na kila pembe ina kizibo chembamba kizuiacho hewa isivuje.

Tuseme dereva wa Dodoma, asubuhi ya baridi ya Julai, amewasha gari, akalisogeza hatua chache, akalizima. Injini baridi hupewa petroli nyingi. Ile isiyoungua husalia chumbani ikaosha oili inayosaidia vizibo. Mgandamizo hupungua, nazo plagi zilizolowa hushindwa kutoa cheche. Isitoshe, mji huu uko mita 1,100 hivi juu ya bahari, na kanieneo ya hewa yake ni pungufu ya ile ya pwani kwa takriban sehemu moja ya nane. Mgandamizo uliokwisha kuwa dhaifu huzidi kudhoofika.

Kung'ang'ania starta huua betri tu. Katika RX-8, kanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho huku ukizungusha injini: petroli hukatwa, hewa ikavikausha vyumba. Ikishindikana, fundi hukata mkondo wa petroli na wa cheche, hufungua plagi, kisha huizungusha injini ili petroli itoke matunduni. Hapa ndipo penye hatari, kwani mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi kwenye jiko au sigara iliyo mbali. Basi kazi hii haifanywi ndani ya banda.

Matone machache ya oili hutiwa matunduni, plagi kavu zikarudishwa. Injini ikiwaka, moshi mzito wa mwanzoni ni oili hiyo ikiungua.