SOMO LA ROBO HII: WALIOBEBA MIZIGO NAO WAHESABIWE



Somo hili tulilitoa kwanza Kansay, wilayani Karatu, tulipokutana na wajumbe wa kamati za maendeleo. Tulianza kwa swali moja: nani walipigania uhuru? Majibu yalikuja haraka: Mwalimu Nyerere, Mzee Kawawa, wazee wa TANU. Mama mmoja aliyekaa nyuma akamtaja Bibi Titi Mohamed. Baada ya hapo pakawa kimya.

Sisi Tanganyika tulipata uhuru mwaka 1961 bila vita. Majirani zetu wa Msumbiji hawakupata njia hiyo, na sehemu kubwa ya safari yao ilipita katika ardhi yetu. Ndiyo maana tumechagua kujifunza kwao.

1. Historia kwa ufupi

Chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Vita dhidi ya Wareno vilianza tarehe 25 Septemba 1964 na kwisha kwa Mkataba wa Lusaka wa tarehe 7 Septemba 1974. Uhuru ulipatikana tarehe 25 Juni 1975.

Tangu mwanzo akina mama walilima chakula cha wapiganaji na kubeba mizigo. Malori hayakuweza kupita katika misitu ya kaskazini. Silaha, dawa na nguo vilivushwa mto Ruvuma, kisha vikaenda kwa miguu kwa siku nyingi, vingi vikiwa juu ya vichwa vya akina mama.

Mwishoni mwa mwaka 1966 Kamati Kuu ya FRELIMO iliamua kwamba wanawake nao wapewe mafunzo ya siasa na ya kijeshi. Mwaka 1967 kundi la wasichana 25 lilifundishwa kwa miezi mitatu katika kambi ya Nachingwea, kusini mwa Tanzania. Hapo kikazaliwa Kikosi cha Wanawake. Walilinda vijiji katika maeneo yaliyokombolewa, walisafirisha silaha, waliuguza majeruhi, walifundisha kusoma na kulea watoto yatima. Walifanya pia mikutano ya hadhara kuhamasisha wananchi. Wazee wengi hawakuzoea kumwona binti akisimama na kuzungumza mbele yao.

Tusiipambe historia hii. Baadhi yao walikuwa wasichana wadogo waliochaguliwa na viongozi wa maeneo yao, na hawakuwa na nafasi kubwa ya kukataa. Vita ni vita.

2. Josina Machel

Anayekumbukwa zaidi ni Josina Muthemba, aliyezaliwa tarehe 10 Agosti 1945 huko Vilanculos. Babu yake alikuwa mhubiri katika kanisa la Presbiteri. Mwaka 1964 alijaribu kutoroka ili ajiunge na wapigania uhuru. Alikamatwa njiani, akarudishwa na kufungwa. Alipotoka alijaribu tena, na safari hii alifika Dar es Salaam. Huko alifanya kazi katika Taasisi ya Msumbiji, iliyoongozwa na Janet Mondlane, mke wa rais wa kwanza wa FRELIMO. Alipopewa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi, aliikataa akaenda Nachingwea.

Katika Mkutano Mkuu wa Pili wa mwaka 1968 alisimama kutetea nafasi kamili ya wanawake katika chama. Mwaka 1969 alikabidhiwa idara ya mambo ya jamii, akashughulikia vituo vya watoto waliopoteza wazazi vitani. Mwaka huo huo aliolewa na Samora Machel huko Tunduru, na mtoto wao akazaliwa. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 baada ya kuugua, akiwa na umri wa miaka 25. Tarehe hiyo ndiyo Siku ya Wanawake nchini Msumbiji.

Mwaka 1973 wenzake walikutana Tunduru na kuunda Umoja wa Wanawake wa Msumbiji. Uhuru ulipofika mwaka 1975, Graça Machel, ambaye pia alipitia Nachingwea, akawa Waziri wa Elimu na Utamaduni. Lakini wengi wa wale waliobeba mizigo walirudi mashambani, na majina yao hayakuandikwa popote.

3. Makanisa yalikuwa wapi?

Mwaka 1964 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilianzisha hapa nchini shirika la TCRS kuhudumia wakimbizi. Wakimbizi wa Msumbiji walipata makazi, mashamba na maji katika sehemu kama Rutamba, Lindi. Mwezi Septemba 1970 Baraza la Makanisa Ulimwenguni liligawa dola 200,000 kwa vyama 19 vilivyopinga ubaguzi wa rangi, na FRELIMO ilipata sehemu kupitia Taasisi ya Msumbiji. Fedha hizo zilikusudiwa huduma za kijamii, si silaha. Hata hivyo yalizuka mabishano makali katika makanisa ya Ulaya. Wafadhili wetu wazee huenda wanayakumbuka.

4. Tujipime

Ndugu wapendwa, hapa somo linatugeukia sisi wenyewe. Katika mradi mmoja wa maji tuliousimamia, akina mama walisomba mawe na mchanga, wengine kwa punda, wengine mgongoni. Walichimba mtaro na kuwapikia mafundi. Tulipoandika taarifa kwa wafadhili, yote hayo tuliyaweka katika mstari mmoja: "nguvu za wananchi". Msomaji wa taarifa ile asingejua ni nguvu za nani. Kosa hilo ni la ofisi yetu.

Na kosa la karatasi halikuishia kwenye karatasi. Kwa kuwa hatukuwahesabu waliojenga, hatukuuliza kwa nini hawamo katika kamati ya maji. Ufunguo wa kituo ukakaa kwa mjumbe mmoja, mzee wetu mwema kabisa. Siku za mnada aliondoka nao. Akina mama walifika alfajiri na ndoo zao, wakakuta kufuli, wakarudi kwenye korongo la zamani. Watoto wakaanza tena kuharisha, na fedha ya mfadhili ilikuwa imelala ndani ya bomba.

Baada ya hapo tulibadili mambo mawili. Taarifa sasa inaonyesha siku za kazi za wanawake na za wanaume, kila upande peke yake. Pili, hatupeleki saruji mahali ambapo akina mama hawamo miongoni mwa watia saini wa benki na watunza ufunguo. Baadhi ya kamati zilinung'unika. Tunaelewa, lakini hatutarudi nyuma.

5. Neno la Mungu

Someni 1 Samweli 30. Watu mia mbili wa Daudi walichoka, wakabaki kwenye kijito cha Besori kulinda mizigo, na mia nne wakaenda vitani. Waliporudi na nyara, baadhi walitaka wenzao wasipewe kitu. Daudi alikataa, akaamua kwamba wote wagawane sawasawa, na hiyo ikawa sheria katika Israeli. Kama mlinzi wa mizigo ana fungu lake, je, mama aliyeibeba?

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika mradi wetu wa mwisho, nani walibeba mawe, maji na mchanga? Waandikeni kwa majina.
2. Wangapi kati yao wamo katika kamati? Wangapi hutia saini?
3. Nani anatunza ufunguo, na akisafiri anamwachia nani?
4. Kwa wafadhili: je, fomu zenu za taarifa zinatuuliza kazi imefanywa na nani, au zinauliza fedha tu?

Pale Kansay swali la kwanza peke yake lilichukua saa nzima. Majina yalijaza kurasa mbili za daftari la usharika, na katibu akaomba kalamu nyingine. Tunaomba kila usharika ufanye vivyo hivyo, na kutuletea nakala ya orodha kabla ya kikao kijacho.