Chui wa 1974: wachezaji waliotangulia wakati wao

Somo kwa vikundi vya vijana, waamuzi wa michezo na viongozi wa mitaa ya Goma

Lengo: Mwishoni mwa somo hili, washiriki wataweza kueleza jinsi hukumu ya haraka inavyozaa chuki, na kutaja mambo matatu yanayofanya malalamiko ya amani yaeleweke.

Muda: Saa moja na nusu.



Hapa Goma mpira wa miguu ni jambo la kila siku. Watoto wanaucheza juu ya mawe ya volkeno, na wakubwa wanaufuata kwenye redio. Lakini tunajua pia kwamba uamuzi mmoja wa refa unaweza kugeuka ugomvi wa mtaa na mtaa, kisha wa kabila na kabila. Kwa hiyo tujifunze kutoka kwa wazee wetu wawili wa mpira, Ndaye Mulamba na Mwepu Ilunga.

1. Walikuwa nani?

Mwezi wa Machi 1974, timu ya taifa ya Zaire, Chui, ilishinda Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri. Ndaye, mshambuliaji wa AS Vita Club ya Kinshasa, alifunga mabao 9 katika mashindano hayo. Fainali na Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa siku mbili baadaye, na Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire katika mechi hizo mbili yalikuwa ya Ndaye. Mabao 9 katika mashindano mamoja ni rekodi ambayo hata wachezaji wa leo, wenye madaktari na viwanja vizuri, hawajaivunja.

Mwezi wa Juni mwaka huohuo, Zaire ikawa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia, huko Ujerumani Magharibi. Ilifungwa na Scotland 2-0, na Yugoslavia 9-0, na Brazil 3-0. Wengi wanakumbuka hesabu hizo tu. Sisi tutazame mambo matatu yaliyo nyuma yake.

2. Hukumu tatu za haraka

Ya kwanza ni kadi. Katika mechi na Yugoslavia, mchezaji mmoja wa Zaire alimpiga refa teke. Refa aligeuka, akamtoa Ndaye nje. Lakini aliyepiga teke alikuwa Mwepu. Ndaye alibeba kosa la mwenzake kwa sababu refa hakutofautisha nyuso zao. Je, ni mara ngapi sisi tunamwadhibu mtu kwa kosa la mwingine kwa kuwa "wao wote ni sawa"?

Ya pili ni kicheko. Katika mechi na Brazil, tarehe 22 Juni, Brazil walipewa mpira wa adhabu. Kabla hawajaupiga, Mwepu alitoka mbio kwenye ukuta akaupiga mbali. Alipewa kadi ya njano. Kwa miaka mingi watu wa nchi nyingine walionyesha picha hizo na kucheka, wakisema Mwafrika huyu hajui sheria za mpira. Lakini Mwepu alikuwa beki wa TP Mazembe ya Lubumbashi, timu iliyokuwa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Sheria alizijua. Baadaye alieleza kwamba alifanya makusudi. Wachezaji hawakulipwa pesa walizoahidiwa, na baada ya yale mabao 9 watu wa Rais Mobutu waliwatisha kwamba wakifungwa zaidi ya mabao matatu na Brazil wasirudi nyumbani.

Ya tatu ni uvumi. Katika miaka ya tisini, Ndaye alipigwa risasi ya mguu na watu wenye silaha, kisha akakimbilia Afrika Kusini kama mkimbizi. Mwaka 1998, katika Kombe la Afrika nchini Burkina Faso, uwanja ulinyamaza dakika moja kumkumbuka marehemu Ndaye. Naye alikuwa hai! Habari ya kifo chake ilikuwa ya uongo. Alifariki mwaka 2019, miaka 21 baadaye. Mwepu alikuwa amefariki mwaka 2015.

3. Kutoka Mwepu hadi mwaka 2024

Tarehe 7 Februari 2024, huko Abidjan, kabla ya nusu fainali na Côte d'Ivoire, wachezaji wa Kongo waliziba midomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili vya mkono mwingine kwenye kichwa, mfano wa bastola. Walikuwa wanasema kwamba watu wa mashariki wanauawa na dunia imenyamaza. Safari hii hakuna aliyecheka.

Tofauti iko wapi? Mwepu alikuwa peke yake. Hawa walikuwa timu nzima. Alama ya Mwepu haikueleweka. Yao ilikuwa wazi. Mwepu aliogopa kueleza, hawa walieleza. Hata hivyo, Mwepu aliona mapema kwamba uwanja ni mahali ambapo dunia inatazama. Tuseme ukweli pia: kumpiga refa teke kulikuwa ukatili, na aliyeumia ni mwenzake. Kuupiga mpira hakukumwumiza mtu.

Lakini wajibu hauko kwa mlalamikaji peke yake. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Waliocheka wangemwuliza Mwepu mapema, wangejua kwamba mtu yule alikuwa na hofu.

4. Maswali ya kujadiliana

a) Je, umewahi kuadhibiwa kwa kosa la mtu mwingine? Ulitamani nani akusikilize?
b) Katika mtaa wenu, habari ya kifo au shambulio inapofika, mnaihakikisha kwa njia gani kabla ya kuipeleka mbele?
c) Ni malalamiko gani ya vijana ambayo wakubwa wanayaita utovu wa adabu tu?

5. Zoezi

Gawanyeni vikundi vya watu watano. Kila kikundi kichague lalamiko moja la kweli la mtaa, kisha kitafute alama ya kulionyesha bila maneno, bila matusi na bila kumwumiza mtu. Wengine wasikisie maana yake. Kwanza waulize, wasikilize jibu mpaka mwisho, ndipo waseme wanavyofikiri.