Kadi Nyekundu na Kesho ya Timu

Naandika kutoka dawati la nyuma la kidato cha tatu. Najua umezoea kukuta hapa ngeli, vitendawili na mashairi. Leo naomba ruhusa nilete gozi darasani, na wala si kwa mzaha. Tangu muhula wa pili shule yetu imegawanyika kwa sababu ya mchezaji mmoja, na wakati wa chakula cha mchana watu hubishana hadi githeri inapoa kwenye sahani.

Mambo yalikuwa hivi. Tulikuwa katika nusu fainali ya kaunti ndogo, sare ya bao moja kwa moja, zikiwa zimebaki kama dakika saba hivi. Mshambulizi wetu, nambari 9, akautia mpira wavuni. Tukaruka juu. Kumbe mshika kibendera alikuwa amekwisha kuinua kibendera: ameotea. Nambari 9 akamkimbilia refa na kumsukuma kwa mikono miwili hadi refa akaketi nyasini. Kadi nyekundu papo hapo. Tukabaki kumi, tukafungwa la pili, tukarudi nyumbani kwa miguu kimya kama watu watokao matangani. Baadaye waandalizi wakamfungia asicheze mpaka mwaka uishe, na shule ikamtuma nyumbani wiki mbili. Sitamtaja jina. Tunapitia njia moja jioni, na sitaki ashindwe kunitazama usoni.

Sasa kuna makundi mawili. La kwanza linasema asiguse tena jezi ya shule. La pili linasema bila yeye hatuna timu, mwakani atakuwa kidato cha nne na ndiyo nafasi yake ya mwisho, basi apewe hata unahodha. Mimi nilikuwa katika kundi la pili, tena mwenye sauti kubwa. Mjomba wangu, ambaye ni shabiki sugu wa Manchester United tangu ujana wake, aliponisikia nikibishana na ndugu yangu alicheka akasema, "Mpwa wangu, hayo yenu si mageni. Hebu kasome habari za Cantona kwanza, halafu uje tuongee." Nikaenda nikasoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Lakini kabla ya Cantona, tuelewane kwanza kwa maneno, maana ugomvi mwingi pale shuleni unatokana na kuchanganya vitu viwili. Mchezaji anayemkwatua mwenzake akiutafuta mpira amecheza rafu. Hilo ni kosa, lakini ni kosa la mchezo. Refa hupuliza kipenga, mpira wa adhabu ukapigwa, maisha yakaendelea. Mchezaji anayempiga mtu, kumtemea mate, kumtukana au kumsukuma refa ameonyesha utovu wa nidhamu. Hapo mpira haumo tena. Tofauti hii ni kubwa kwa timu. Rafu yaweza kukugharimu bao. Utovu wa nidhamu hukugharimu mtu, pengine kwa miezi.

Na kadi zenyewe je, zilitoka wapi? Wengi hudhani zilizaliwa pamoja na mpira. Sivyo. Katika Kombe la Dunia la 1966, Uingereza ilipokutana na Argentina uwanjani Wembley, nahodha wa Argentina, Antonio Rattín, alitolewa nje na refa Mjerumani. Rattín alikataa kutoka, na hawakuelewana kwa lugha, ikawa vurugu tupu. Mwingereza Ken Aston, aliyekuwa akisimamia marefa, alilifikiria jambo hilo akiwa barabarani ndani ya gari, na taa za magari zikampa jibu: manjano ni tahadhari, nyekundu ni simama. Kadi zikaanza kutumika katika Kombe la Dunia la 1970 huko Mexico. Rangi haihitaji mkalimani.

Haya, sasa Cantona. Eric Cantona alikuwa Mfaransa aliyechezea Manchester United, na kwa maneno ya mjomba, alicheza kola ikiwa juu kama mwalimu mkuu. Usiku wa tarehe 25 Januari 1995 United walikuwa London, uwanja wa Selhurst Park, wakicheza na Crystal Palace. Mlinzi Richard Shaw alikuwa amemganda kama kupe. Mapema katika kipindi cha pili Cantona akampiga teke. Refa akatoa nyekundu. Mpaka hapo ilikuwa kadi kama kadi nyingine. Lakini Cantona alipokuwa akitoka kando ya uwanja, shabiki mmoja wa Palace alishuka mbio hadi ukingoni akimtukana. Cantona akaruka juu ya kizuizi na kumpiga teke la kifuani kama wale wa sinema za karate, kisha akamwongeza ngumi. Mechi iliisha 1-1, lakini nani aliyekumbuka matokeo?

Adhabu zikafuatana. Klabu yake yenyewe ilimsimamisha hadi msimu uishe na kumtoza pauni 20,000. Chama cha Soka cha Uingereza kikaona haitoshi, kikamfungia hadi tarehe 30 Septemba 1995 na kumtoza pauni nyingine 10,000. Mahakama nayo ikamhukumu jela wiki mbili. Alipokata rufani, kifungo kikabadilishwa kuwa saa 120 za kuhudumia jamii. Na hizo saa alizitumia kufanya nini? Kufundisha watoto mpira. Msomaji, tafadhali yaweke hayo kando, nitayarudia.

Wapo waliotaka afungiwe maisha, na wapo waliotaka United imfukuze. Ukitaka kujua jinsi kosa la mtu mmoja linavyolipwa na timu nzima, tazama mwisho wa msimu ule. Tarehe 14 Mei 1995, siku ya mwisho ya ligi, Blackburn Rovers walikuwa wakiongoza, lakini wakafungwa 2-1 na Liverpool. United walihitaji tu kuifunga West Ham wawe mabingwa. Walishambulia, wakashambulia, wakatoka sare 1-1. Blackburn alama 89, United alama 88. Alama moja! Siku sita baadaye wakafungwa na Everton 1-0 katika fainali ya Kombe la FA. Msimu mzima, mikono mitupu. Cantona alikuwa amefunga mabao 12 katika mechi 21 za ligi kabla ya kufungiwa. Hakuna awezaye kuapa kwamba angekuwepo wangeshinda, lakini mjomba mpaka leo huapa.

Hapa ndipo kundi la kwanza shuleni kwetu hupiga makofi: "Unaona? Mtu wa namna hiyo ni wa kutupa!" Ngoja kwanza.

Mwezi wa Agosti 1995 Cantona alikuwa amechoka na adhabu, akataka kuondoka Uingereza kabisa. Meneja wake, Alex Ferguson, alifunga safari hadi Paris kumtafuta na kumsihi abaki. Nimelifikiria sana jambo hili. Hakumwambia mtu kwamba teke lile lilikuwa sawa, na adhabu hakuna aliyeifuta hata siku moja. Aliyefanya kosa aliitumikia yote, miezi minane na zaidi. Lakini wakati akiitumikia, kulikuwa na mtu aliyekwenda kumwona.

Alirudi tarehe 1 Oktoba 1995 uwanjani Old Trafford dhidi ya Liverpool. Dakika ya pili tu akatoa pasi iliyozaa bao la Nicky Butt, na baadaye akafunga penalti, mechi ikaisha 2-2. Timu ilikuwa imejaa vijana: Beckham, Scholes, Butt na akina Neville. Mwezi Januari 1996 Newcastle walikuwa mbele kwa alama 12. Cantona na wale watoto wakalifuta pengo hilo polepole. Ukiangalia matokeo ya Machi na Aprili utachoka: Newcastle, Arsenal, Tottenham, Coventry, wote walifungwa 1-0, na mfungaji wa bao ni yeye yule. United wakatwaa ligi kwa alama 82 dhidi ya 78 za Newcastle. Kisha tarehe 11 Mei 1996, akiwa amevaa utepe wa nahodha, akafunga bao la pekee dhidi ya Liverpool katika fainali ya Kombe la FA. Vikombe viwili.

Sasa kundi la pili nao wapige makofi? Hapana, ngojeni nanyi. Maana kuna timu nyingine ambayo Cantona aliikosea, na watu huisahau: Ufaransa. Alikuwa nahodha wake. Baada ya usiku ule hakuichezea tena nchi yake hata dakika moja. Kocha Aimé Jacquet aliijenga timu upya, na kijana aitwaye Zinedine Zidane akawa ndiye wa kuuendesha mchezo. Mwaka 1998 Ufaransa wakawa mabingwa wa dunia kwa mara ya kwanza, wakiilaza Brazil 3-0, Zidane akifunga mawili kwa kichwa. Cantona alikuwa amekwisha kustaafu mwaka uliotangulia, akiwa na miaka 30.

Basi timu moja ilimngojea ikashinda, nyingine ikasonga mbele bila yeye ikashinda pia. Hapo nilikwama kwa siku kadhaa. Nilipomuuliza mjomba akaniambia niangalie Zidane mwenyewe. Kumbe katika Kombe lile lile la 1998 Zidane alipewa kadi nyekundu kwa kumkanyaga mchezaji wa Saudi Arabia! Akakosa mechi mbili, na katika ya pili Ufaransa iliponea chupuchupu mbele ya Paraguay kwa bao la Laurent Blanc katika muda wa nyongeza. Wenzake walimbeba, akarudi, akawalipa katika fainali. Miaka minane baadaye, mjini Berlin tarehe 9 Julai 2006, fainali nyingine, akampiga Materazzi wa Italia kichwa cha kifuani katika dakika ya 110. Italia wakashinda kwa penalti 5-3. Ilikuwa mechi yake ya mwisho kabisa. Safari hii hapakuwa na mechi ya kuwalipa wenzake.

Kwa hiyo mimi nimelihama kundi la pili, lakini sikuhamia la kwanza. Wote wawili wanabishana kuhusu nambari 9 kana kwamba swali ni thamani ya mguu wake wa kulia. Nionavyo mimi, swali ni hii miezi ya adhabu inatumiwaje. United waliitumia kumlinda mtu wao na kuwakuza vijana. Ufaransa waliitumia kujenga timu isiyomtegemea mtu mmoja. Sisi je? Tangu arudi kutoka ile adhabu ya wiki mbili hakuna mchezaji aliyekwenda kuzungumza naye. Haji mazoezini. Jioni naye hupitia gereji ya jirani kusaidia kubadilisha magurudumu. Na mazoezini hakuna kijana hata mmoja wa kidato cha kwanza anayefundishwa kucheza mbele, ati wanamngoja yeye. Tunamtupa na kumngoja kwa wakati mmoja.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo gumu kuliandika. Yule shabiki wa Palace naye alishtakiwa mahakamani, akapatikana na hatia. Mdomo wake ulihesabiwa. Mimi siku ile ya nusu fainali nilikuwa kando ya uwanja na debe la mafuta ya kupikia, nikilipiga na kuongoza wenzangu kuimba "refa mwizi" tangu dakika ya kumi. Refa hakuwa mwizi. Siku hizi kila simu ina kamera, na mwenzetu mmoja alikuwa amerekodi. Tukitazama ile video pole pole, nambari 9 alikuwa ameotea kwa hatua nzima. Na alipomsukuma yule mzee akaanguka, sisi tulishangilia. Naam, tulishangilia. Sauti yangu inasikika wazi kabisa. Nambari 9 akatumwa nyumbani wiki mbili, nami nikaenda darasani kesho yake kama kawaida.

Nimemwandikia mwalimu wa michezo barua, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja na nusu. Sikuomba adhabu ipunguzwe. Niliomba nambari 9 aruhusiwe kuwafundisha vijana wa kidato cha kwanza kila Jumatano jioni hadi mwaka uishe, kama zile saa 120 za Cantona, na mwakani achaguliwe au asichaguliwe kama mchezaji mwingine yeyote. Niliomba pia sisi wa debe tupewe kazi ya kuchora mistari ya uwanja na kufua jezi. Wenzangu wawili walikataa kutia sahihi, mmoja akatia. Nambari 9 nilimwonyesha barua kabla ya kuipeleka. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama kando ya njia, akaniuliza, "Na huyo Cantona, watoto walimkubali kweli?"

Nilimwambia sijui, nitamuuliza mjomba. Mwalimu amesema atatujibu shule ikifunguliwa.