NJIA ZILIFUNGWA, UNGA UKAPITA BAHARINI

Mwezi Machi 2020 ugonjwa wa korona uliingia nchini mwetu. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16. Shule zilifungwa. Mwezi Aprili ndege za abiria kutoka nchi za nje zilisimamishwa, zikaanza tena mwezi Mei. Mtu anaweza kudhani kwamba njia zikifungwa, dawa za kulevya nazo zitakwisha. Je, ni kweli? Tujifunze pamoja.

Unga hutoka wapi?

Heroini, ambayo wengi huiita unga, hutengenezwa kwa utomvu wa mmea wa afyuni. Kwa miaka mingi unga unaofika pwani yetu umetoka Afghanistan. Hupita Pakistani na Irani, hupakiwa katika majahazi, kisha huvuka Bahari ya Hindi. Mwingine hubaki kwetu. Mwingine husafirishwa mpaka Ulaya.

Jahazi halihitaji kiwanja cha ndege. Mwezi Mei 2020 Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba safari za anga na za nchi kavu zilipozuiwa, walanguzi walionekana kuelekea zaidi baharini. Mwaka 2021 serikali yetu ilikamata baharini zaidi ya kilo 800 za heroini na methamfetamini katika chombo kimoja. Desemba 2023 zilikamatwa kilo 3,182 Dar es Salaam na Iringa.

Mvuvi akipata samaki wengi, huenda wavu wake ni mzuri. Huenda pia samaki wamezidi. Kwa hiyo tushangilie dawa zinapokamatwa, lakini tusilale.

Unga ukiadimika, mgonjwa hupatwa na nini?

Tuchukue mfano wa kijana aliyetoka kijijini kwenda Mwananyamala kutafuta kazi. Huko akaingia katika unga. Njia zinapofungwa, bei hupanda na vibarua hupungua. Akikosa unga hupata arosto: mifupa humuuma, hutapika, huharisha, hutetemeka, hakosi jasho wala hapati usingizi.

Hapo hatari huwa tatu:

1. Hununua unga uliochanganywa na vitu asivyovijua.

2. Huanza kujidunga ili kidogo alichopata kimtoshe, tena kwa sindano ya mwenzake. Hivyo huambukizwa virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

3. Akikaa siku nyingi bila unga, mwili wake husahau mazoea. Unga ukirudi, naye akatumia kipimo chake cha zamani, kipimo hicho humuua.

Hatari hii ya tatu wengi hawaijui. Kijana akirudi kijijini akakaa mwezi mzima bila unga, msidhani amepona. Akirudi mjini na kutumia kama zamani, anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Tufanye nini?

Kumfunga kamba au kumwita mwizi hakumponyi. Huyu ni mgonjwa. Mpelekeni hospitali. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa dawa ya methadoni mwaka 2011, na Mwananyamala ikafuata mwaka 2012. Mgonjwa huanza kwa kuinywa kila siku mbele ya mhudumu. Methadoni huondoa arosto, na kipimo chake kinajulikana. Haingoji jahazi la mlanguzi. Kwa hiyo ugonjwa wa mlipuko ukija tena, mgonjwa asaidiwe kufika kliniki. Asikatize dawa.

Ukimkuta mtu amezidiwa, haamki, anapumua polepole na midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu na umpeleke hospitali haraka. Asipopumua, mpulizie pumzi mdomoni. Usimnyweshe kitu chochote. Iko dawa iitwayo naloksoni, ambayo daktari humpa ili apumue tena.

Ndugu msomaji, kuzuia majahazi ni kazi ya serikali. Kumpokea mtoto wetu anaporudi nyumbani ni kazi yetu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini kufungwa kwa viwanja vya ndege hakukuzuia unga kuja?

2. Kwa nini kipimo cha zamani humuua mtu aliyekaa siku nyingi bila unga?

3. Kijana wa kijiji chenu akirudi na arosto, mtamsaidiaje?