Nukta Mwanzoni mwa Mstari

Chukua kitabu chochote kilicho karibu nawe, ufungue ukurasa mmoja. Upande wa kushoto mistari yote inaanza mahali pamoja. Haya, tazama upande wa kulia. Katika vitabu vingi mistari inaishia mahali pamoja pia, imenyooka kama ukuta uliopimwa kwa timazi. Je, mwandishi alibahatika kupata maneno yanayotoshana kila mstari? La. Kuna kazi imefanyika hapo. Leo tutaona jinsi kompyuta ilivyofundishwa kazi hiyo.

Zamani maofisini kulikuwa na mashine ya taipu tu. Karani akiruka neno moja, ukurasa mzima unarudiwa, na katika kurudia anaweza kukosea pengine. Tuseme kitabu kina kurasa 100, na mwenyewe anataka kuongeza sentensi tatu katika ukurasa wa 5. Kurasa zote zinazofuata zinasogea. Hapo ni kupiga upya, au kukata kwa mkasi na kubandika vipande. Kazi hii ilifanywa zaidi na akina mama, nao majina yao hayakuandikwa juu ya jalada.

Mwaka 1964, huko Marekani, mwanafunzi mmoja wa shahada ya udaktari aliyeitwa Jerome Saltzer alikuwa na maandishi ya masomo yake ya kutayarisha. Alisoma katika chuo kiitwacho MIT. Chuo hicho kilikuwa na kompyuta kubwa ya kujaza chumba, na watu wengi waliweza kuitumia kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa kwenye mashine yake ya kuchapia iliyounganishwa kwa waya. Saltzer akatunga programu mbili. Programu ni maagizo yaliyopangwa hatua kwa hatua ambayo kompyuta inayafuata. Ya kwanza, TYPSET, ilikuwa ya kuandika na kusahihisha. Ya pili, RUNOFF, ilikuwa ya kupanga kurasa na kuzichapa.

Sasa swali. Kompyuta itajuaje kwamba maneno haya ni ya kuchapwa, na haya ni amri? Saltzer alitumia alama ndogo kabisa: nukta. Mstari ukianza kwa nukta, hauchapwi. Ni agizo. Katika programu zilizofuata, nukta na herufi ce ni kusema, "Weka mstari ujao katikati." Nukta na sp na tarakimu 2 ni kusema, "Ruka mistari miwili." Nukta ilifaa kwa sababu hakuna mtu anayeanza sentensi kwa nukta.

Twende kwenye ule ukuta wa kulia. Tuseme mstari wetu una nafasi 30, na kila herufi inachukua nafasi moja. Tunataka kuandika: Mkulima mzuri hupanda mapema na hupalilia kwa wakati. Hesabu pamoja nasi. Mkulima ni herufi 7, mzuri 5, hupanda 7, mapema 6. Jumla 25. Ongeza mapengo matatu kati ya maneno, unapata 28. Neno "na" likiingia pamoja na pengo lake tutafika 31, yaani limezidi. Basi linashuka chini. Zimebaki nafasi 2. Kompyuta inazigawa: inapanua pengo moja, kisha jingine, mstari unafika 30 kamili. Mstari wa mwisho wa aya hauvutwi, unaachwa kama ulivyo. Kumbe ni kujumlisha na kutoa tu, hesabu ile ile ya darasani! Ila kompyuta haichoki, na ukiongeza sentensi tatu inapanga yote upya yenyewe.

Habari ya RUNOFF ikaenea. Katika maabara ya kampuni ya simu ya Bell, Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wakitengeneza mfumo wa kompyuta uitwao Unix. Walikuwa wameomba mashine kubwa wakanyimwa. Mwaka 1970 kundi lao likabadili maneno: tupeni mashine ndogo, ya dola kama 65,000, tuwatengenezee njia ya kuandaa maandishi. Hapo wakakubaliwa. Mwaka 1971 wapiga taipu watatu wa idara ya haki za uvumbuzi walikuwa wakifanya kazi zao za kila siku kwa programu iitwayo roff, mtoto wa RUNOFF. Sisi tunaona hapa pana jambo. Simu nyingi za leo zinatumia mifumo iliyofuata mtindo wa Unix, na Unix ilipata mashine yake kwa ahadi ya kusaidia makarani.

Mwenzao Joe Ossanna akatunga troff, iliyoweza kuendesha mashine ya kupangia herufi za vitabu kwa mwanga. Alifariki mwaka 1977, na Brian Kernighan akaiendeleza kazi yake.

Mwaka huo huo wa 1977 Donald Knuth, mwalimu wa chuo kikuu, aliletewa kurasa za majaribio za kitabu chake. Herufi zilimchukiza. Akaamua kutunga programu yake, TeX, akidhani ataimaliza upesi. Ikamla miaka kama kumi! Lakini TeX haipimi mstari mmoja mmoja. Inatazama aya nzima, kisha inachagua mahali pa kukata ili mapengo yasiwe makubwa hapa na madogo pale. Jambo hilo linafaa sana kwa lugha yenye maneno marefu kama Kiswahili. Knuth aliitoa bure, na wanahisabati wanaitumia mpaka leo.

Zoezi

Chukua kalamu. Mstari una nafasi 30. Panga sentensi hii: Wanakijiji walichimba kisima kirefu karibu na shule.

1. Mstari wa kwanza unaishia neno gani?
2. Zimebaki nafasi ngapi?
3. Utazigawaje?

Majibu: 1. Kisima. 2. Nafasi 2. 3. Mapengo ni mawili, kila pengo linaongezwa nafasi moja.